Elektroni Isipotee Njia: Kemia ya Nuru kutoka Mashamba ya Lalago hadi Wodini

Mashamba ya Lalago, wilayani Maswa katika Mkoa wa Simiyu, hutegemea mvua, udongo na jua. Mvua huchelewa na udongo huchoka. Jua ndilo lisiloadimika. Tangu mbegu zinapotiwa ardhini mwishoni mwa mwaka hadi pamba inapofikishwa kwenye maghala ya vyama vya msingi vya ushirika, kila kinachokua katika kata hiyo, kiwe pamba, mtama, mahindi, alizeti, dengu au viazi vitamu vya kukatia michembe, hutengenezwa kwa kazi moja inayofanyika ndani ya jani. Kazi hiyo ni usanisinuru: jani hupokea nuru ya jua, maji kutoka mizizini na hewa ya ukaa kutoka angani, likatoa sukari na oksijeni.

Maelezo hayo ya darasani ni sahihi, lakini hayasemi ugumu uko wapi. Kwa mkemia, usanisinuru ni safari ya elektroni, ile chembe ndogo yenye chaji hasi iliyomo katika kila atomu. Elektroni hutolewa katika maji, hunyanyuliwa na nuru mara mbili, kisha huwekwa akiba ndani ya sukari. Kuinyanyua ni kazi nyepesi. Hata kitambaa chenye rangi kilichoanikwa juani hunyanyua elektroni, nazo huanguka papo hapo zilikotoka na kuacha joto tu. Ugumu ni kuizuia elektroni iliyokwisha kunyanyuliwa isirudi nyuma, na isidakwe njiani na kitu kingine, hasa oksijeni.

Wahudumu wa afya wana sababu ya kuifuata safari hiyo. Elektroni inapopotea njia ndani ya jani, gugu hukauka. Inapopotea kwa namna ile ile ndani ya pafu, mtu hupoteza maisha, na hospitali haina dawa ya kumrudisha. Tawi la sayansi linaloweza kueleza kwa hesabu kwa nini elektroni hufuata njia moja na kuiacha nyingine ni kemia ya ukokotozi, yaani kemia inayofanywa kwa kompyuta badala ya chupa na moto.

Pete moja, kazi mbili

Klorofili, ambayo vitabu vingine huiita umbijani, ni molekuli yenye pete ya kaboni na nitrojeni iliyoshika atomu moja ya magnesi katikati. Pete ya ukoo huo huo, ikishika chuma badala ya magnesi, huitwa hemu, nayo ndiyo inayoipa hemoglobini wekundu wake na uwezo wa kubeba oksijeni. Mmea na mwanadamu huzijenga pete hizo kwa hatua zinazofanana hadi karibu na mwisho. Njia huachana pale metali ya katikati inapotiwa. Rangi ya jani la pamba na rangi ya damu ya anayelima pamba ni ndugu wa karibu.

Klorofili hufyonza nuru nyekundu na ya buluu, ikaiacha ya kijani iyafikie macho. Mamia ya molekuli zake hupangwa ndani ya protini mfano wa antena, zikapokezana nishati hadi ifike mahali maalumu panapoitwa kituo cha mmenyuko. Hapo elektroni huruka kutoka molekuli moja kwenda nyingine. Muundo wa kituo cha namna hiyo ulionekana kwa mara ya kwanza katika bakteria wa zambarau, na kazi hiyo iliwapatia Johann Deisenhofer, Robert Huber na Hartmut Michel Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1988.

Katika bakteria hao, elektroni huchukua pikosekunde 3 hivi kuruka hatua ya kwanza, na pikosekunde 200 hivi kuruka ya pili. Pikosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mara trilioni moja. Kama elektroni ingeachwa mahali ilipofika baada ya hatua ya kwanza, ingerudi ilikotoka kwa muda wa nanosekunde 10 au zaidi, yaani mara 50 au zaidi ya ule wa kusonga mbele. Kwa hiyo karibu kila chembe ya nuru inayofika kituoni huzaa matunda. Tofauti hiyo ya mwendo kati ya kwenda na kurudi ndiyo iliyobeba uhai wa mimea na wanyama.

Kwa nini kurudi ni kugumu ilhali kurudi ni kushuka? Jibu lilitolewa na Rudolph Marcus katika nadharia aliyoanza kuichapisha mwaka 1956, nayo ikampatia Tuzo ya Nobeli mwaka 1992. Alionyesha kwamba mruko wa elektroni huenda haraka zaidi pale nishati inayoachiliwa inapolingana na kiasi ambacho mazingira ya molekuli yanaweza kukipokea kwa kujipanga upya. Nishati ikizidi kiasi hicho, mruko hupungua kasi. Ni kama mnunuzi anayetoa noti kubwa kwa bidhaa ndogo: fedha anayo, nia anayo, lakini biashara inakwama kwa kukosa chenji. Elektroni inayotaka kurudi chini yote kwa mkupuo mmoja hukwama vivyo hivyo, na wakati imekwama, hatua inayofuata ya kusonga mbele huipokea.

Hesabu inayoona kisichoonekana

Mimea huenda mbali kuliko bakteria wa zambarau, kwa sababu elektroni zake huzitoa katika maji. Maji ni molekuli tulivu, na kuyapasua kunahitaji nguvu kubwa. Kazi hiyo hufanywa na kifundo kidogo kilichomo ndani ya protini iitwayo mfumonuru wa pili, chenye atomu nne za manganizi, moja ya kalisi na tano za oksijeni. Kila chembe ya nuru inapofika, kifundo hupoteza elektroni moja. Baada ya kupoteza nne, huzirudisha zote kwa mara moja kutoka molekuli mbili za maji, na oksijeni inayopumuliwa na viumbe ikatoka. Mzunguko huo wa hatua nne uligunduliwa kwa vipimo vya Pierre Joliot na Bessel Kok kati ya mwaka 1969 na 1970.

Mwaka 2011 watafiti wa Japani wakiongozwa na Jian-Ren Shen na Nobuo Kamiya walichapisha picha ya kifundo hicho iliyopatikana kwa mionzi ya eksirei, kwa ukali uliotosha kuitofautisha kila atomu nzito. Hata hivyo mionzi hiyo yenyewe huitikisa metali inayopigwa picha, na atomu za hidrojeni ni ndogo mno kuonekana kwa njia hiyo. Picha ilionyesha nyumba. Haikuonyesha wenye nyumba wanavyotembea.

Hapo ndipo kompyuta ilipohitajika. Mlinganyo unaotawala mwenendo wa elektroni ulijulikana tangu mwaka 1926, lakini kuukokotoa kwa elektroni nyingi kwa pamoja huzidi uwezo wa kompyuta yoyote. Walter Kohn, aliyepokea Tuzo ya Nobeli mwaka 1998 pamoja na John Pople, alithibitisha katika miaka ya 1960 kwamba si lazima kumfuata kila mwanakijiji ili kujua hali ya kijiji. Inatosha kujua msongamano wa elektroni katika kila sehemu ya molekuli, na nishati yote hupatikana kutokana na msongamano huo. Kwa njia hiyo hesabu iliyokuwa haiwezekani ikawa kazi ya siku kadhaa.

Kwa kutumia nadharia hiyo, Dimitrios Pantazis, Frank Neese na wenzao walionyesha mwaka 2012 kwamba kifundo cha manganizi, kikiwa katikati ya mzunguko wake, kina maumbo mawili yanayobadilishana, moja lililofunguka na moja lililofumba, yenye nishati zinazokaribiana sana. Kwa muda mrefu vipimo vya maabara vilikuwa vimetoa ishara mbili tofauti kutoka kwenye hatua hiyo hiyo, na hesabu ikaeleza asili ya kila moja. Huko Stockholm, Per Siegbahn alitumia miaka mingi akikokotoa njia mbalimbali ambazo atomu mbili za oksijeni zinaweza kuungana, akiacha zile zinazodai nishati nyingi kuliko ambayo jani linayo.

Protini nzima ina atomu maelfu kwa maelfu, nyingi zikiwa za kushikilia tu. Arieh Warshel, Michael Levitt na Martin Karplus walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2013 kwa kuanzisha mbinu ya kukokotoa kwa undani sehemu ndogo inayofanya kazi, huku sehemu kubwa iliyobaki ikihesabiwa kwa kanuni nyepesi. Warshel aliitumia mbinu ya aina hiyo kuchunguza kituo cha mmenyuko cha bakteria. Mwaka 2019 kundi lililoanzishwa na marehemu Klaus Schulten nchini Marekani lilichapisha mfano wa kompyuta wa kiungo kizima cha usanisinuru cha bakteria, chenye atomu milioni 100 hivi.

Pamba, mtama na akiba ya ngitili

Elektroni ikishanyanyuliwa, sharti ifikishwe kwenye hewa ya ukaa ili sukari ipatikane. Mpokeaji wa hewa hiyo ni kimeng'enya kiitwacho rubisko, ambacho kina kasoro ya zamani: hushindwa kuitofautisha kikamilifu hewa ya ukaa na oksijeni. Kila kinapoidaka oksijeni kwa makosa, mmea hulipa gharama ya kurekebisha, na sehemu ya kazi ya nuru hupotea. Joto huongeza makosa hayo.

Shamba la Lalago lina mimea ya namna mbili kwa upande huu. Pamba, alizeti, dengu, karanga na viazi vitamu hubeba gharama hiyo yote. Mtama, mahindi na uwele zina pampu ya kikemia inayoikusanya hewa ya ukaa kuzunguka rubisko, hivyo oksijeni haipati nafasi. Njia ya mimea hiyo ilielezwa na Hal Hatch na Roger Slack nchini Australia katikati ya miaka ya 1960. Kwa makadirio ya wataalamu, mmea wa kundi la pamba hauwezi kugeuza kuwa chakula zaidi ya asilimia 4.6 ya nishati ya jua inayouangukia, na wa kundi la mtama hauwezi kuvuka asilimia 6. Shambani mavuno halisi huwa chini ya hapo kwa mbali. Wazee waliosisitiza mtama katika ardhi kame na yenye joto walikuwa na kemia upande wao.

Akiba ya elektroni hizo ina sura inayojulikana na kila Msukuma. Ngitili ni malisho yaliyotengwa na kufungiwa mifugo wakati wa masika ili nyasi na miti ikue, kisha yafunguliwe wakati wa kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986 wakati Maswa na Bariadi zilipokuwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, ulizifufua ngitili hadi zikafikia zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2002 ukatunukiwa Tuzo ya Ikweta. Kuni inayotoka humo inapoungua, elektroni zilizonyanyuliwa na jua kwa miaka hurudi kwenye oksijeni kwa dakika chache. Zinaporudi vibaya, moto ukiwa hafifu na jiko likiwa ndani, hutoka moshi unaoumiza mapafu ya mama na mtoto.

Elektroni inapoporwa

Viuagugu kadhaa vinavyouzwa madukani huua mimea kwa kuingilia safari ya elektroni. Viko vya aina mbili, na ni muhimu kuzitofautisha.

Aina ya kwanza hufunga njia. Atrazini hukaa katika tundu la protini iitwayo D1, mahali ambapo molekuli inayobeba elektroni ingekaa. Elektroni hukosa pa kwenda, nishati ya nuru huiharibu protini, na gugu hufa. Mahindi na mtama hunusurika kwa sababu yana uwezo wa kuibadilisha atrazini kabla haijaleta madhara. Mwaka 1970 iliripotiwa kutoka Marekani kwamba gugu moja halikufa tena kwa dawa za kundi hilo. Baadaye ilibainika kwamba katika magugu sugu ya namna hiyo kiungo kimoja tu cha D1, serini ya nafasi ya 264, hubadilika kuwa glisini. Mifano ya kompyuta huonyesha sababu: serini ndiyo iliyokuwa ikiishika atrazini kwa kiungo cha hidrojeni, na ikiondoka, dawa huteleza.

Aina ya pili haifungi njia, hupora. Parakwati, iliyotambuliwa kuwa kiuagugu mwaka 1955 na kuanza kuuzwa mwaka 1962, huidaka elektroni karibu na mwisho wa safari yake na kuikabidhi kwa oksijeni. Oksijeni iliyopokea elektroni moja hugeuka kuwa chembe kali inayorarua utando wa seli. Parakwati yenyewe haiharibiki. Hurudi kudaka elektroni nyingine, na nyingine tena. Tabia hiyo inaweza kukokotolewa. Nguvu yake ya kuvuta elektroni, ambayo wakemia huipima kuwa volti 0.45 chini ya sifuri, inaiweka katikati: ina mvuto wa kutosha kuipokonya elektroni mashine ya jani, na mshiko dhaifu kiasi cha kunyang'anywa na oksijeni.

Mwili wa binadamu hauna klorofili, lakini una elektroni zilizonyanyuliwa, maana chakula ndicho kilichozileta. Zipo pia katika pafu, na pafu lina oksijeni nyingi kuliko kiungo kingine. Zaidi ya hayo, seli za vifuko vya hewa zina mlango wa kuingizia molekuli fulani za kawaida za mwili, na parakwati kwa umbo lake hupita katika mlango huo na kurundikana. Mzunguko ule ule uliokausha gugu huanza upya. Figo na ini huumia pia. Aliyenusurika siku za mwanzo anaweza kufariki baadaye, mapafu yanapojaa makovu.

Hapa ndipo daktari hukutana na jambo linalopingana na mazoea ya wodi. Mgonjwa anayehema kwa shida kwa kawaida huwekewa oksijeni. Katika sumu ya parakwati, oksijeni ya ziada huuchochea moto, kwa hiyo miongozo ya tiba huizuia hadi upungufu wa oksijeni katika damu uwe mkubwa. Mhudumu asiyejua ni dawa gani iliyomdhuru mgonjwa anaweza kumdhuru zaidi kwa nia njema.

Dawa ya kuiondoa sumu hiyo haijapatikana, hivyo kinga ndiyo tiba. Jumuiya za wakulima na familia zinaweza kuzingatia haya:

Viuatilifu vifungiwe kwa kufuli mbali na nyumba ya kulala, na funguo zishikwe na mtu mmoja. Visihamishiwe kamwe kwenye chupa za soda au maji.

Mpuliziaji avae glavu, viatu vya kufunika, nguo ndefu na kinga ya macho, na asipulizie akiwa na vidonda mikononi, kwani parakwati hupenya ngozi iliyochubuka.

Dawa ikimwagikia mwili, nguo zivuliwe na ngozi ioshwe kwa maji mengi na sabuni. Ikimezwa, hata kwa kiasi kidogo na hata kama mtu anaonekana mzima, apelekwe hospitali mara moja. Asilazimishwe kutapika.

Kopo au lebo ya dawa iende pamoja na mgonjwa. Jina lililoandikwa pale ndilo linaloweza kumzuia mhudumu asiweke oksijeni mapema.

Yeyote anayeona ndugu au jirani amekata tamaa ya maisha amsikilize bila kumhukumu, amfikishe kwa mhudumu wa afya, na aondoe dawa hizo katika mazingira yake. Korea Kusini ilifuta usajili wa parakwati mwaka 2011 na kuzuia uuzaji wake mwaka uliofuata. Vifo vya kujiua kwa viuatilifu vilipungua kwa kiasi kikubwa, na mavuno hayakushuka. Sri Lanka nayo ilianza kuiondoa mwaka 2008.

Jani lililozama ndani ya malaria

Safari hiyo ya elektroni imeacha alama mahali pasipotarajiwa. Kimelea cha malaria kina ndani yake kiungo kidogo kiitwacho apikoplasti, ambacho ni masalio ya kloroplasti. Babu wa mbali wa kimelea hicho alimmeza mwani, akaishi naye, kisha akaacha kutumia nuru. Rangi ya kijani ilipotea, lakini baadhi ya vifaa vya usanisinuru vilibaki. Miongoni mwavyo ni feredoksini, protini ambayo katika jani huipokea elektroni mwishoni mwa mnyanyuko wa pili. Ndani ya kimelea, elektroni zake hutumika kutengeneza viungo vya kikemia ambavyo kimelea hakiwezi kuishi bila hivyo, kwa njia ambayo mwili wa binadamu hauitumii.

Kwa sababu hiyo doksisaiklini na klindamaisini, dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya bakteria, zina nguvu dhidi ya malaria: huiharibu apikoplasti, na kizazi kinachofuata cha vimelea hufa. Mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba fosmidomaisini huifunga njia hiyo hiyo ya kikemia, ambayo mimea pia huitegemea katika kloroplasti zake. Wakemia wa ukokotozi wanaendelea kutafuta molekuli zinazokaa vizuri zaidi katika matundu ya vimeng'enya hivyo. Hayo yote hayabadilishi utaratibu wa tiba: mwenye homa Lalago apimwe kwanza, na akikutwa na malaria apewe dawa mseto. Doksisaiklini isinunuliwe dukani kwa kubahatisha, na haifai kwa wajawazito na watoto wadogo.

Jani la kutengenezwa

Wazo la kuiga jani ni la zamani. Mwaka 1912 mkemia wa Italia Giacomo Ciamician alitabiri kwamba siku moja viwanda vitaendeshwa kwa nuru katika nchi kame, bila moshi. Mwaka 1972 Akira Fujishima na Kenichi Honda waliripoti kwamba oksidi ya titani, unga mweupe unaotumika pia katika rangi za nyumba, inapomulikwa ndani ya maji huyapasua na kutoa hidrojeni na oksijeni. Tatizo ni kwamba unga huo hufyonza mionzi ya urujuanimno tu, ambayo ni sehemu ndogo ya jua. Mwaka 1991 Brian O'Regan na Michael Grätzel waliupaka molekuli zenye rangi, zikafanya kazi ya klorofili: hupokea nuru na kuirushia oksidi ya titani elektroni, na umeme ukapatikana. Mwaka 2011 kundi la Daniel Nocera lilionyesha kibamba cha silikoni chenye vichocheo vya metali za bei nafuu ambacho, kikitumbukizwa majini na kumulikwa, hutoa hidrojeni bila waya.

Katika maabara za fani hii, elektroni iliyonyanyuliwa mara nyingi hupimwa kwa kuitegea molekuli ya kuidaka, na mdakaji aliyezoeleka ni methili violojeni. Hilo ni jina jingine la parakwati. Molekuli inayoliharibu pafu ndiyo inayomwonyesha mtafiti kwamba jani lake la kutengenezwa limefanikiwa kuinyanyua elektroni. Kemia ni ile ile; kilichobadilika ni nani anayeipokea elektroni baada ya hapo.

Afrika Mashariki imo katika kazi hii kwa upande wa hesabu, upande ambao kompyuta na subira hutosha pale maabara ya gharama inapokosekana. Katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela mjini Arusha, Geradius Deogratias, Tatiana Pogrebnaya na Alexander Pogrebnoi, wakishirikiana na Nicola Seriani wa kituo cha fizikia cha Trieste nchini Italia, walikokotoa tabia za molekuli za rangi kwa ajili ya seli za jua za aina ya Grätzel, na kazi yao ikachapishwa mwaka 2020. Walichobadilisha ni sehemu ya molekuli inayoshika oksidi ya titani na daraja ambalo elektroni hupitia, kisha wakaangalia ni rangi ipi ya nuru inayofyonzwa na elektroni huelekea wapi. Ni swali lile lile la jani, likiulizwa kabla molekuli haijatengenezwa, ili mkemia wa maabara asipoteze fedha kwa zisizofaa. Vijana wa bara hili wamekuwa wakifundishwa mbinu hizo katika shule ya Afrika ya miundo ya elektroni iliyoanza mwaka 2010 mjini Cape Town, na ambayo mwaka 2012 ilifanyika Eldoret nchini Kenya.

Vifaa bora vya kupasua maji vimekwisha kulipita jani kwa kiwango cha nishati vinachohifadhi. Kinachovishinda ni kudumu. Protini ya D1, ile inayozibwa na atrazini, huharibiwa na nuru yenyewe hata pasipo dawa yoyote. Katika jua kali hudumu kwa nusu saa hivi, kisha mmea huing'oa na kuweka mpya, siku nzima, msimu mzima. Jani la pamba linalosimama kwenye jua la Januari ni mashine inayoharibika na kukarabatiwa bila kukoma, na hakuna kifaa cha kutengenezwa kilichofikia uwezo huo. Wakemia wa ukokotozi sasa wanakokotoa vichocheo vinavyoweza kujirudishia umbo vyenyewe, kama kile cha kobalti cha Nocera kinachojijenga upya kikiwa majini.

Pafu la binadamu nalo hujikarabati, lakini halina kasi ya jani. Seli zake zikichomwa na elektroni zilizoporwa, kovu hutangulia kabla ya uponyaji, na kovu halibadilishani hewa. Kwa hiyo kopo la kiuagugu katika nyumba ya mkulima wa Lalago linastahili kufuli, na jina lililo juu yake linastahili kujulikana kuanzia dukani, shambani, katika zahanati ya kijiji hadi hospitali ya rufaa.